Kiswahili cha Kwenye Kioo: Kampuni Kubwa za Teknolojia, Vyuo Vikuu vya Umma na Msomaji wa Swima

1. Utangulizi

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kushughulikia matini yenye mtunzi. Akisoma riwaya au diwani, hujiuliza ni nani aliyeandika, amemwandikia nani, na ametumia lugha gani kulifikia lengo lake. Hata hivyo, huenda matini ya Kiswahili inayosomwa mara nyingi zaidi siku hizi haina jina la mtunzi juu yake. Nayo ni ile iliyomo katika vioo vya simu na kompyuta: maneno machache machache yanayomwambia mtu afungue faili, ahariri, ahifadhi, apakue, au asubiri. Matini hiyo haijadiliwi darasani wala haitahiniwi, lakini ndiyo inayomfikia msomaji kila siku, asubuhi na jioni.

Makala hii inakusudia kuihakiki matini hiyo na kuuliza swali lile lile la kale: nani mtunzi? Hoja yetu ni kwamba wasomi wa Afrika Mashariki, wengi wao wa vyuo vikuu vya umma, walishiriki kuitunga. Walitoa elimu yao, wakatoa na heshima ya majina yao, lakini vyuo vyao havikujiwekea nafasi ya kuendelea kuisimamia. Waliopoteza zaidi ni wale ambao hawakuwapo hata siku ya kwanza barazani. Ili hoja hii isielee hewani, tutaanza na msomaji wa mahali pamoja, kijiji cha Swima, ndipo turudi nyuma kuichunguza historia ya jambo lenyewe.

2. Msomaji wa Swima

Swima ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Fizi, Kivu Kusini, upande wa barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Nyumbani husemwa Kibembe. Sokoni, kanisani na ziwani husemwa Kiswahili. Darasani, kadiri mwanafunzi anavyopanda, hutawala Kifaransa. Chuo kikuu cha umma ambacho kijana wa huko anaweza kukitaja kuwa ni cha jimbo lake ni Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, kilichoanza mwaka 1993 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Toka Swima hadi Bukavu ni safari ndefu hata nyakati za amani; na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu, safari hiyo imekuwa na uzito mwingine. Kwa kijana wa namna hii simu ni maktaba, ni ubao wa matangazo, na mara nyingine ndiyo darasa lenyewe.

Mwandishi wa makala hii alimshuhudia mwanafunzi mmoja wa Fizi akiigeuza simu yake kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa fahari, ili mama yake naye aweze kuisoma. Haikupita wiki akairudisha katika Kifaransa. Sababu aliyoitoa ni ndogo, lakini inafaa kutafakariwa. Katika Kiswahili cha Kivu watu wengi huzihesabu siku za kazi kwa mpango wake: siku inayofuata Jumapili ni siku ya kwanza, inayofuata ni siku ya pili, na kuendelea. Kalenda ya simu ilimwandikia mama neno Jumatatu. Mama akaisikia ile tatu iliyomo ndani ya neno, akahesabu siku ya tatu kwa hesabu yake, yaani Jumatano ya Kiswahili sanifu. Alichelewa kwa siku mbili kumpelekea mwanawe karo iliyokuwa ikisubiriwa. Kijana akaamua kwamba Kifaransa, ambacho mama hakijui, kina salama zaidi, maana angalau atamwuliza mtu.

Inafaa tuseme kwamba wapo Fizi wanaoyajua majina yote mawili bila shida, hasa waliowahi kukaa Kigoma au katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 na kupokea watu wengi wa Kivu Kusini. Hatudai kwamba neno Jumatatu ni baya. Tunachodai ni kwamba mtu amekikimbia Kiswahili akakimbilia Kifaransa, na aliyemkimbiza si mkoloni wala mwalimu mkali, bali ni Kiswahili kingine.

Mwanafunzi huyo huyo akiandika insha katika kompyuta, huona mstari mwekundu chini ya maneno yake. Ameandika "kitabu yangu". Ameandika "bitabu" mahali pa "vitabu". Kwa mujibu wa sarufi sanifu, mstari huo una haki. Lakini mwalimu akisahihisha, mwanafunzi anaweza kunyosha mkono na kuuliza, na mwalimu mwema atamweleza kwamba hivyo ndivyo wasemavyo watu wa Kivu, na kwamba katika insha ya mtihani kunatakiwa namna nyingine. Mstari mwekundu haujui kueleza hayo. Unatoa hukumu bila kutoa sababu.

3. Kampuni na lugha: si jambo jipya

Mtu asidhani kwamba kukutana kwa kampuni kubwa na Kiswahili kulianza na kompyuta. Huko huko Kongo, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, nao walihitaji lugha moja. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha jinsi wamisionari, watawala na waajiri walivyohusika katika kukieleza na kukiongoza Kiswahili cha Katanga kwa mahitaji ya kazi na utawala. Lugha ya amri ilitungiwa vitabu. Lugha ya fikra za wafanyakazi wenyewe haikushughulisha wengi.

Upande wa mashariki wa ziwa, kazi ya kusanifisha lugha ilipewa kamati. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, nayo ilizihusu Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, hivyo haikuwamo. Kwa hiyo msomaji wa Swima alikwisha kuachwa nje ya mlango zaidi ya miaka sabini kabla kampuni yoyote ya kompyuta haijafikiria Kiswahili. Ni lazima sisi wanataaluma tulikubali hili kabla ya kuwanyoshea wengine kidole. Ule mstari mwekundu haukubuniwa California. Wino wake ulitoka katika kamusi na sarufi zetu.

Hata hivyo, kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii. Kamati ile ya kikoloni ilikuja kurithiwa na taasisi ya umma. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, iliingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 2009 ikaunganishwa na idara ya Kiswahili kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Taasisi hiyo ina jarida. Ina semina. Istilahi ikipendekezwa, mtu wa Mombasa au wa Zanzibar aliweza kuandika makala ya kuipinga, na wengi waliandika, tena kwa ukali. Ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi haukuisha kwa amri. Uliendelea katika kurasa na katika vinywa, na kila upande ukabaki na lake. Ubishi huo ulichosha, lakini ulikuwa ndio uhai wa lugha ya umma. Lugha inayosimamiwa na umma ina mahali pa kupelekewa malalamiko.

4. Kazi mbili za mwaka 2004

Mwaka 2004 zilijitokeza kazi mbili za kukitia Kiswahili ndani ya kompyuta, na zote mbili zilikigusa chuo kikuu. Ya kwanza ilitangazwa na Microsoft. Kampuni hiyo ilisema itatoa sura ya Kiswahili ya programu zake za Windows na Office, kwa kuanza na faharasa ya istilahi zipatazo 3,000 ambayo ingetayarishwa kwa msaada wa wataalamu wa Kiswahili wa Afrika Mashariki. Ya pili ni mradi wa Kilinux, uliofanywa na wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakisaidiana na washauri kutoka Sweden. Mradi huu ulitafsiri OpenOffice, programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuibadili na kuigawa, na tafsiri hiyo ikaitwa Jambo.

Mhakiki akizitazama kazi hizi mbili kama tafsiri tu, hatapata sababu kubwa ya kuipendelea moja. Kazi za namna hii zina maneno mazuri na zina maneno magumu. Neno "pakua", kwa mfano, tunaliona kuwa ni zuri kabisa. Limetoka jikoni, anakopakua mtu chakula chunguni, na bandarini, wanakopakua mzigo chomboni. Mvuvi wa Swima hahitaji kamusi kulielewa. Vivyo hivyo "nenosiri" hujieleza lenyewe. Lakini "nywila", ambalo nalo hutumika kwa maana hiyo hiyo, halimwambii kitu asiyefundishwa. Uhakiki wa aina hii ni wa lazima, na unapaswa kuendelea.

Tofauti ya msingi haimo katika maneno bali katika haki juu ya maneno. Kifurushi cha lugha cha Microsoft kilikuwa vazi la juu: chini yake lazima iwepo Windows halali iliyonunuliwa, na si kila sehemu yake ilitafsiriwa. Kilitolewa bila malipo, lakini bidhaa iliyokibeba haikuwa bure. Isitoshe, uhai wake ulifungwa na uhai wa bidhaa. Microsoft ilipokomesha huduma kwa Windows XP mwezi Aprili 2014, Kiswahili kilichovikwa toleo hilo kilizeeka pamoja nalo. Hatuwezi kufikiri hivyo juu ya kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imepitwa na matoleo mapya, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kuizima katika rafu ya shule.

Jambo, kwa upande wake, ilikuwa mali ambayo chuo chochote kingeweza kuiendeleza. Chuo cha Bukavu kingeweza kuichukua, kikabadili siku za juma, kikaongeza majina ya samaki wa Ziwa Tanganyika, bila kumwomba mtu ruhusa. Hilo ndilo jambo kubwa. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: mlango uliachwa wazi na walioingia walikuwa wachache. Mradi haukupata nguvu ya kudumu, maana fedha za ufadhili zina mwisho, na vyuo vyetu havikuitambua kazi ya kutafsiri programu kuwa kazi ya kitaaluma inayostahili kumpandisha mhadhiri cheo. Kwa hiyo kushinda kwa kampuni hakukuwa kwa hila tupu. Kampuni ililipa mishahara mahali ambapo chuo cha umma kilitegemea moyo wa kujitolea.

Inafaa kuongeza jambo moja juu ya zile istilahi 3,000. Ziliandaliwa kwa mahitaji ya ofisi: faili, jedwali, ukurasa, uchapishaji. Hakuna ubaya. Lakini istilahi zinazoandaliwa na taasisi ya umma hupangwa kwa mahitaji ya elimu, kama zilivyopangwa zile za biolojia, fizikia na kemia. Wataalamu wakishughulika na orodha ya bidhaa, muda huo hawashughuliki na orodha ya kilimo, uvuvi au sheria. Hivyo kampuni, hata bila kukusudia, humpangia msomi ratiba yake.

5. Zawadi na mwenye zawadi

Baada ya lugha ya programu ukaja uendeshaji wa chuo chenyewe. Mwezi Machi 2007 Google ilitangaza mapatano na mtandao wa elimu wa Kenya, KENET, na serikali ya Rwanda, kuwapa wanafunzi barua pepe na huduma nyingine bila malipo. Kwa Kenya mwanzo ulikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye wanafunzi wapatao 50,000. Kwa Rwanda kilikuwamo Chuo Kikuu cha Taifa pamoja na taasisi za Kigali. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ikawaalika wanafunzi wa vyuo katika shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na washindi wakaahidiwa zawadi. Mwaka huo huo wa 2009 Kiswahili kiliingia katika mashine yake ya kutafsiri.

Hatuna haja ya kuyakejeli mambo haya. Wanafunzi walipata barua pepe ambazo vyuo vyao visingeweza kuwapa kwa urahisi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilipata makala mpya kwa mamia. Lakini zawadi ina mwenyewe. Mwezi Februari 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu itakoma, na kwamba kila taasisi itakuwa na kiwango cha pamoja cha terabaiti 100. Microsoft nayo ikachukua hatua ya namna hiyo hiyo baadaye. Chuo kidogo huenda kisihisi kitu. Chuo kikubwa cha umma, kilichokwisha kuhamishia mihadhara na tasnifu zake huko, hakikuulizwa, kiliarifiwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Siku hizi zawadi imebadilika sura. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea mashine zinazojibu maswali na kuandika insha, na kampuni zimeanza kuwagawia wanafunzi wa baadhi ya nchi huduma hizo bure kwa muda maalumu. Mashine hizo hujifunza lugha kwa kusoma maandishi mengi. Katika orodha za kimataifa za lugha, Kiswahili kina msimbo mmoja wa jumla, "swa", ambao chini yake kuna "swh" kwa Kiswahili cha pwani na "swc" kwa Kiswahili cha Kongo. Kwa kuwa kilichochapishwa kwa wingi ni Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya, hicho ndicho kinachosomwa kwa wingi na mashine. Msomaji wa Swima amewekwa kati ya hatari mbili. Akimezwa ndani ya "swa", husahihishwa kila anapofungua mdomo. Akitengwa ndani ya "swc", huambiwa kwamba anasema lugha nyingine, na vitabu vya Dar es Salaam si vyake. Yote mawili si kweli. Mvuvi wa Swima na mvuvi wa Kigoma huelewana ziwani bila mkalimani.

6. Pingamizi

Wako watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya watu wenye nafasi. Kijana asiye na maktaba atafaidika nini na mjadala wa haki juu ya istilahi? Apewe simu yenye Kiswahili chochote, mengine yatafuata. Pingamizi hili lina uzito, na lingekuwa limetosha kama yule mwanafunzi asingeirudisha simu yake katika Kifaransa. Kiswahili chochote hakikumtosha. Alihitaji Kiswahili ambacho mama yake angekiamini.

Wengine watasema kwamba vyuo vya umma havina fedha, kwa hiyo havina sauti. Hapa hatukubaliani nao. Mwaka 2004 kilichokuwa kinatafutwa na kampuni ni kitu ambacho fedha peke yake haikukinunua, yaani elimu ya lugha na idhini ya wenye lugha. Vyuo vilikuwa na mali, vikaitoa kama mtu asiyejua bei yake.

7. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, chuo kikuu cha umma kitakaposhiriki kutunga istilahi, tafsiri au makusanyo ya matini kwa ajili ya kampuni yoyote, nakala kamili ibaki chuoni, iwe wazi kwa wote, na chuo kiwe na haki ya kuirekebisha na kuitoa upya. Pili, kazi hiyo ihesabiwe kuwa uandishi wa kitaaluma, ihakikiwe katika majarida kama inavyohakikiwa kamusi, na itiwe majina ya watunzi wake. Tatu, Kongo ipewe kiti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Meza ipo tayari. Kinachotakiwa ni wasomi wa Bukavu, Lubumbashi na Kisangani waje na orodha zao, nasi tuzipokee bila kalamu nyekundu mkononi.

Kalenda inayoweza kuonyesha "siku ya kwanza" pembeni ya "Jumatatu" si kazi kubwa kwa fundi wa kompyuta. Ni kazi ya saa chache. Imechelewa kwa sababu hakuna aliyetumwa kuiomba, na hakuna aliyetumwa kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tumeamua kwamba mama wa Swima ni msomaji wa Kiswahili. Hilo si jambo la kampuni kuliamua. Ni letu.